Waya wa spika: upi ununue, upi uuache dukani

"Shemeji, amplifaya hii imekufa." Ndivyo alivyonipokea mume wa dada yangu siku niliyokwenda Tanga kuwasalimu. Alikuwa amenunua spika mbili kubwa za mtumba, za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyokinza umeme), akaziweka kwenye pembe za sebule, mbali na kabati la televisheni. Sauti ilitoka, ila besi ilikuwa imelegea na mwimbaji alisikika kama yuko chumba cha pili. Nikaufuata waya kwa mkono, kutoka nyuma ya amplifaya hadi kwenye spika ya mbali. Zilikuwa mita 10 za ule waya mwekundu na mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, uliokuja na sabufa yake ya zamani. Amplifaya ilikuwa nzima kabisa. Tulitoka tukanunua mita 20 za waya wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita mraba 2.5 za shaba, tukafunga upya, na wimbo haujafika kiitikio dada akatoka jikoni kutuambia tupunguze.

Kwa hiyo anayesema waya haubadilishi kitu hajakutana na sebule ya shemeji. Lakini jioni ileile shemeji akaniuliza: kama wa 2.5 umefanya hivi, je, tukinunua ule wa bei kali wenye ngozi ya nailoni itakuwaje? Hapo ndipo watu wengi wanapopotezea fedha, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Hesabu yenyewe ni ndogo

Waya nao una omu zake. Kadiri ulivyo mwembamba na mrefu, ndivyo unavyojilia sehemu ya nguvu iliyokuwa iende kwenye spika. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 0.3, mita 10. Kwenda na kurudi una omu 1.15 hivi. Ukiufunga kwenye spika ya omu 4, sauti inashuka desibeli 2 na ushee, na hizo sikio linazisikia. Waya wa 2.5 kwa umbali huohuo una omu 0.14 tu, na sauti inashuka desibeli 0.3.

Tena spika iliyoandikwa omu 4 haikai kwenye omu 4. Inapanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika. Waya mwembamba unakata zaidi pale omu za spika zinaposhuka na kidogo pale zinapopanda, kwa hiyo hauishii kupunguza sauti, unaipinda. Amplifaya nayo inapoteza mkono wake juu ya koni ya besi, ile sehemu ya spika inayotikisika kutoa sauti. Ule ulegevu alioulalamikia shemeji ulitoka huko.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: omu za waya, kwenda na kurudi, zisizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, waya wa 0.75 unafika mita 8, wa 1.5 unafika mita 17, na wa 2.5 unafika mita 29. Kwa spika ya omu 4, gawa kwa mbili.

1. Shaba tupu, 2.5, nyuzi nyingi

Huu ndio wa kwanza, na kwa sebule karibu zote ndio wa mwisho. Unauzwa kwa mita kwenye maduka ya umeme na ya spika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Unakunjika bila kukatika, unaingia kwenye vishikizo vya amplifaya nyingi, na hata ukibadilisha spika kesho hutalazimika kununua mwingine.

Kazi ipo kwenye kuhakikisha ni shaba kweli. Omba kipande cha sentimita 10, ukimenye, chomoa uzi mmoja na uukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake: nyeupe kwa nje, nyekundu ndani, na ni waya mzuri sana. Kama muuzaji anaruhusu, toka nje ushike uzi huo mwembamba kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, kwa hiyo itajikunja na kudondoka. Shaba huhitaji 1,085, kwa hiyo itawaka nyekundu na kubaki imesimama. Uzito nao unasema: rola la shaba linaushusha mkono, la alumini unaliinua kama pamba.

2. Shaba ya 1.5

Kama spika ziko mita 5 kutoka kwenye amplifaya, huu unatosha kabisa na unakuachia fedha. Sina la kuongeza.

3. Waya wa umeme wa nyumba, ule mgumu wa 2.5

Mafundi wengi wanaudharau, nami nadhani wanauonea. Ni shaba ileile, na sikioni hauna tofauti na wa nyuzi nyingi. Ukijenga na ukataka waya upite ukutani moja kwa moja, ni chaguo zuri. Ubaya wake ni ugumu: spika ndogo ya mezani inavutwa na waya hadi inageuka, na ukiukunja mara nyingi palepale unakatika. Upitishe kwenye bomba lake peke yake, mbali na nyaya za umeme, na uandike wazi kila ncha kwamba ni ya spika. Fundi atakayekuja miaka 5 baadaye asije akaufunga kwenye soketi.

4. Uliokuja ndani ya boksi

Usiutupe. Spika zikiwa pembeni tu ya televisheni, mita moja na nusu kwa omu 4 au mita 3 kwa omu 8, unafanya kazi yake. Kosa ni kuuunganisha vipande ili ufike mbali.

5. Alumini iliyovikwa shaba

Nimeuweka hapa chini kwa uchungu. Niliwahi kununua rola zima lililoandikwa shaba asilimia 100, kwenye duka nililoliamini. Baada ya miezi michache spika moja ikaanza kukatakata sauti. Nilipofungua nyuma, nyuzi zilikuwa zimebaki tatu, nyingine zimekuwa unga wa kijivu. Alumini inashika ukungu wa oksidi unaozuia umeme, na inavunjika ukiikunja mara chache tu.

Hata hivyo ukiuziwa kwa jina lake na kwa bei yake, unaweza kutumika. Omu zake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo wa 4 unafanya kazi ya shaba ya 2.5 hivi. Fungia skrubu vizuri, usiuguse tena. Ninachokataa ni kuuzwa kama shaba.

6. Waya wa anasa

Waya wa madini ya fedha safi, shaba isiyo na oksijeni, mishale inayoonyesha upande wa kufunga, ngozi ya kusuka. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia kama 6, faida unayoipata kwa kununua shaba nene kidogo. Mishale haina maana, kwa sababu umeme wa muziki unakwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde. Wapo pia wanaosema nyaya mbili lazima zilingane urefu ili sauti zifike pamoja. Umeme ndani ya waya unakimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, wakati sauti hewani inakwenda mita 343 tu kwa sekunde. Ukisogeza kiti chako sentimita moja umebadilisha zaidi ya hapo.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyetumia maisha yake kupima madai ya ajabu, aliweka dola milioni 1 mezani kwa atakayeweza, bila kuona, kutofautisha waya wa Pear Anjou uliouzwa dola 7,250 na waya wa kawaida. Fedha hizo hazikuchukuliwa.

Kwa shemeji nilitaka ajionee mwenyewe. Tuliazima waya wa anasa kwa jirani, mpwa wangu akakaa nyuma ya kabati na karatasi, akirusha shilingi kuamua upi afunge. Kila mara alizima amplifaya kwanza, na kitufe cha sauti hakikuguswa, kwa sababu sauti iliyozidi hata kidogo hudhaniwa ndiyo bora. Wimbo mmoja, mara 16. Shemeji alipatia 8, sawa na kubahatisha. Aliiangalia ile karatasi kwa muda, kisha akasema fedha ile itanunua zulia, na alikuwa sahihi: sebule yake ina vigae na kuta tupu, na zulia litasikika siku hiyohiyo.

Kabla hujamaliza

Ukiishi pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi inaila shaba na kuacha kutu ya kijani kwenye ncha. Mara moja kwa mwaka kata sentimita 2, menya upya, sokota nyuzi na ukaze. Hapa ndipo shaba iliyopakwa bati inapostahili bei yake. Kwa ukumbi, kanisa au msikiti wenye spika za mbali sana usinenepeshe waya tu. Ulizia mfumo wa volti 100, ambao unapeleka nguvu ileile kwa mkondo mdogo.

Kisha kagua nyekundu na nyeusi. Spika moja ikifungwa kinyume, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inatoweka hata kama waya ni wa dhahabu. Kama rangi za waya zimefutika, uchomoe kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uguse ncha mbili kwa sekunde moja tu huku mwenzako akiangalia koni kubwa. Ikisukumwa nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye nyekundu. Ifunge plasta kabla hujaiachia.