GROMACS na Martini: nazipendekeza kwa uigaji wa dawa za saratani kwenye utando wa seli

Kama unataka kuona kwenye kompyuta jinsi nanochembe iliyobeba dawa ya saratani inavyougusa utando wa seli, chukua GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, na modeli ya Martini, inayoieleza molekuli kwa njia iliyorahisishwa. Zote mbili chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, na hulipii chochote.

Siri iko kwa Martini. Haifuatilii kila atomu. Hukusanya atomu nzito kama nne, pamoja na haidrojeni zake, zikawa punje moja. Uigaji wa atomu zote husonga kwa hatua za femtosekunde (sehemu ya bilioni milioni ya sekunde) 2 hivi, Martini hupiga 20. Faida hiyo ni kubwa mno ukikumbuka kwamba liposomu (kifuko kidogo cha lipidi, yaani mafuta yanayounda utando) ya Doxil, dawa ya saratani yenye doksorubisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ina kipenyo cha karibu nanomita 100, na bado hujahesabu maji yanayoizunguka. Kwa mashine ya kawaida, anza na chembe ya nanomita chache.

Kinachonifurahisha hasa ni insane, skripti ndogo (programu fupi) ya kujengea utando. Unaipangia asilimia za lipidi za tabaka la juu na la chini, kila moja peke yake. Hapo ndipo saratani inapoingia: seli yenye afya huficha fosfatidilserini upande wa ndani, lakini kwenye seli nyingi za saratani hujitokeza nje. Lipidi hiyo ina chaji hasi, kwa hiyo huivuta nanochembe yenye chaji chanya. Jenga tando mbili zinazotofautiana kwa hilo tu, kisha utazame lipidi zinavyojipanga upya chini ya chembe. Mimi sichoki kuangalia.

Wanaoanza huilalamikia grompp, amri ya GROMACS inayoandaa uigaji kabla haujaanza. Idadi ya punje au atomu kwenye faili la viwianishi (mahali zilipo) isipolingana na topolojia, faili linaloeleza molekuli zilizomo, inagoma papo hapo. Mimi naitetea: bora igome sasa kuliko ikupe matokeo ya uongo baadaye. Na tafadhali, usinyamazishe maonyo kwa -maxwarn kabla ya kuyasoma.

Udhaifu upo, tena wa maana. Saa ya Martini si ya kuaminika, kwani lipidi husambaa haraka kuliko uhalisia, mara nne hivi. Vifungo vya haidrojeni havina mwelekeo, na muundo wa upili wa protini (kama vile mizunguko ya heliksi) unaufunga wewe mwenyewe. Ukiuliza molekuli moja ya doksorubisini inapenyaje katikati ya mikia ya lipidi, rudi kwenye uigaji wa atomu zote. Tovuti ya CHARMM-GUI itakuandalia utando na mafaili ya GROMACS.

Tumia Martini 3, ya mwaka 2021. Toleo la 2 lilifanya molekuli nyingi zigandamane kupita kiasi, kosa baya kwa anayechunguza dawa zinazojikusanya. Vigezo vya matoleo hayo mawili usivichanganye kamwe.