Dawa ya nywele au mabutu ya kusuka kwa mtoto wa miaka minne?
Saluni za Mwanjelwa, Mbeya, zinafanya vyote viwili, ila hatari yake hailingani. Dawa ya kulainisha, hata yenye picha ya mtoto kwenye kopo, ni alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) huzidi 11. Inavunja viunganishi ndani ya unywele. Ikikuta ngozi iliyokunwa jana, inaunguza. Mtoto akisema inawasha, usisubiri dakika ziishe: suuza kwa maji mengi, dakika 20, macho yakikingwa.

Mabutu tunayapendelea, yasikazwe tu. Lowanisha nywele kidogo, paka mafuta ya nazi, chana kuanzia nchani. Vipele vyeupe kwenye paji, au mtoto kushindwa kulalia ubavu, maana yake zimevutwa mno: fumua usiku huohuo. Julai osha mchana, baridi ya Mbeya si mchezo.