Chupa ya Kuoteshea Mbegu za Ndege: Nzuri kwa Kuchuja, Pungufu kwa Maelezo

Chupa hii ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha wavu wa chuma kisichoshika kutu inatimiza vyema sehemu ngumu zaidi ya kuotesha mbegu za kulisha ndege wa kufugwa, nayo ni kuchuja maji. Mtama, choroko au alizeti hulowekwa kwa saa 8 hadi 12, kisha husuuzwa angalau mara 2 kwa siku mpaka vijizizi vyeupe vichomoze, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 3 kutegemea aina ya mbegu na joto la chumba. Maji yanayotuama katika kipindi hicho ndiyo yanayoleta ukungu na bakteria. Kwa hiyo nauthamini sana mguu wa waya unaoiinamisha chupa, maji yakamalizika kutoka huku hewa ikipita.

Ulezi hupenya kwenye wavu, lakini kitambaa chepesi kinatosha kuuzuia.

Kinachonisikitisha ni karatasi ya maelezo, ambayo haimwonyi mnunuzi kwamba mbegu za kupandia mara nyingi hupakwa dawa ya kuua kuvu na hazifai kabisa kuliwa, wala kwamba maharagwe mabichi, hata yakiota, ni sumu kwa ndege. Onyo hilo lilistahili kuchapishwa juu ya kifuniko chenyewe.

Kasuku wangu hupenda machipukizi ya choroko kuliko mbegu kavu. Anayoyabakiza mimi huyaondoa tunduni baada ya saa chache, na yaliyomo chupani yakinuka uchachu au yakiteleza, huyatupa yote.