Presha kuka ya umeme, lita 6: maharage bila sigiri

Jamani mnaopika kwa mkaa hapa Kampala, hii kitu nunueni. Nimeichukua kwenye duka moja la vyombo mjini, wati 1000, na kazi yake naipenda sana. Maharage makavu niliyoloweka usiku yanaiva kwa dakika 35 hivi, laini kabisa hadi yanapondeka kwa ulimi, na muda mwingi umeme haupiti kwa sababu ikishajaa presha inajizima yenyewe, inawaka tu kidogo kidogo kushikilia joto, ndo maana mita ya Yaka, hii ya umeme wa kulipia kabla, haikimbii kama kwenye jiko la koili.

Halafu kuna bei ya kupikia, wengi hawaijui: kwa mita za nyumbani, ukivuka uniti 80 kwa mwezi, za 81 mpaka 150 zinashuka bei, mwaka 2025 zilikuwa shilingi 412 kila moja kabla ya kodi. Mkaa nao gunia limepanda, na tangu amri ya rais ya Mei 2023 iliyokataza biashara ya mkaa kaskazini, wa huko ni shida kuupata. Miti ipone jamani, inauma kuona inavyoisha.

Ubaya: waya mfupi mno, na mpira wa mfuniko unanuka mchuzi usipouvua na kuuosha kila mara. Muuzaji hana mpira wa akiba na hilo limeniudhi, ulizeni kabla hamjalipa. Matoke ya kwenye majani bado nafunga kwa sufuria, humu hayatoshi. Ila kwa maharage na kwato, nyota 4 kwa 5.