Kariakoo: fundi aliyeisoma chipu kabla ya kuihukumu mazabodi

Laptop yangu ya dukani (nina steshenari Mbagala) ilizima nikiwa katikati ya kusasisha BIOS, ile programu ya kuiwasha laptop. Umeme ulikatika, na betri ilishachoka siku nyingi. Umeme uliporudi, taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Fundi wa kwanza aliishika dakika tano tu akasema mazabodi imekufa, nitoe shilingi 280,000. Usiku ule sikulala, maana kazi za wateja wangu zote zimo humo.

Shoga yangu akanipeleka Kariakoo, kwenye kichumba cha ghorofani kisicho na hata bango. Kijana wa pale alifungua mfuniko akanionyesha chipu ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya hindi. "Dada, ROM yenyewe ndiyo hii, chipu inayotunza BIOS. Prosesa ikiamka haijui lolote, amri yake ya kwanza inaichukua humu. Humu kukiharibika, hata diski haitafutwi."

Akabana klipu juu ya chipu, waya mwekundu upande wenye kidoti. Akaisoma mara mbili, akalinganisha mafaili hayo mawili mpaka akaridhika kwamba yanafanana. Kisha akanigeuzia skrini. Juu kulikuwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu, halafu ghafla FF FF FF FF, mstari kwa mstari, hadi chini. Chipu ya aina hii, inayoitwa flashi, ikifutwa husomeka hivyo: sehemu ile ilishafutwa, umeme ukakatika kabla mpya haijaandikwa.

Nikamuuliza, ROM si kumbukumbu ya kusoma tu, imefutikaje? Akavuta droo akatoa EPROM kuukuu, yaani ROM inayofutika, yenye kidirisha cha kioo juu. Aina hiyo Intel waliitoa mwaka 1971, na kuifuta lazima uimulike kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha hicho. ROM za kabla yake zikishaandikwa, habadilishi mtu. Za leo ni flashi, zinafutwa kwa umeme zikiwa palepale kwenye mazabodi. Jina la ROM ndilo lililobaki.

Kilichonifurahisha zaidi: hakupachika faili la BIOS la mtandaoni hivihivi. Alitoa namba ya laptop na ufunguo wa Windows kwenye nakala ya chipu yangu, akavihamishia kwenye faili jipya, ndipo akaandika. Ikawaka. Shilingi 45,000.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu risiti hawatoi, dhamana ni ya mdomo, na nilisimama saa tatu nzima bila hata stuli ya kukalia. Ukienda, wahi asubuhi, na uombe nakala ya chipu yako. Yangu ni megabaiti 8 tu. Nimeiweka kwenye flashi diski mbili, moja ipo nyumbani.