Programu ya "kusafisha" kompyuta: nilianza na nyota tatu

Nilipoketi kuandika maoni haya nilikuwa nimeshaamua: nyota tatu. Mbili kwa kazi, moja kwa huruma. Ila nikikumbuka yale mazungumzo na mtu wao wa huduma kwa wateja damu inachemka, kwa hiyo msishangae nyota zikipukutika njiani.

Sitaeleza programu ina vitufe gani wala inakula nafasi kiasi gani kwenye diski. Hayo wenyewe wameyatangaza kwa herufi kubwa. Ni ile aina ambayo wengi mnaijua: imo ndani ya kompyuta tangu unapoitoa kwenye boksi, inajiita jaribio la bure, inakaa kimya kwa muda, kisha siku moja inazuka kwenye kona ya skrini na pembetatu nyekundu. Kompyuta yako iko hatarini! Makosa mia nane na kitu yamepatikana! Ukifunga lile dirisha linarudi. Ukilifunga tena linarudi na mlio. Nikalipia usajili wa mwaka. Kompyuta nayo ilikuwa imeanza kuwa nzito, inachukua muda mrefu kuwaka, na nilitaka nifanye kazi zangu kwa amani.

Siku za mwanzo niliridhika, niseme kweli. Unabofya, mstari wa kijani unatembea, namba inashuka mpaka sifuri, na wewe unajisikia umefanya jambo. Nikiwa bado nafurahia hiyo sifuri, nikabofya kukagua tena papo hapo, bila kufungua kitu kingine chochote. Makosa yakarudi. Si yote, lakini mengi, na pembetatu ikawa nyekundu vilevile. Hapo ndipo nikafungua maelezo, ule ukurasa mdogo ambao wameuficha nyuma ya mshale, nione haya makosa ni makosa gani hasa.

Jamani. Kila kuki ya kivinjari imehesabiwa kosa moja. Kuki ni vijifaili ambavyo tovuti huacha ili ikukumbuke ukirudi. Nyingine ni za watangazaji wanaokufuatilia, ndiyo, na kuzifuta si vibaya, lakini hiyo si hitilafu ya kompyuta. Picha za kurasa ambazo kivinjari kimezihifadhi ili zifunguke haraka mara nyingine, nazo makosa. Orodha ya nyaraka nilizofungua karibuni, kosa. Na sehemu kubwa kabisa ilikuwa ya rejistri, ile hazina ambamo Windows huandika mipangilio yake na ya programu zote. Humo hubaki mistari ya programu zilizokwisha kuondolewa. Mistari hiyo ni maandishi machache tu, na kuifuta hakuiongezei kompyuta kasi ambayo mtu anaweza kuihisi. Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejistri, kwa sababu zikigusa pasipotakiwa, mambo yanaweza kuharibika mpaka ulazimike kuweka Windows upya.

Kwangu iliharibika printa. Nilikuwa na barua ya kuchapa, ya haraka, ya kutia sahihi siku hiyohiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimebofya "rekebisha yote". Printa ikawa haionekani. Taa inawaka, waya umechomekwa, karatasi imo, kompyuta inasema hakuna kifaa. Nikafungua dirisha la mazungumzo na wataalamu wao, maana kwenye malipo waliahidi msaada saa zote.

Akaja mmoja, ameandikwa "Mshauri wa Kiufundi". Salamu nzuri, ndugu mteja hivi, ndugu mteja vile. Nikamweleza kwa mpangilio: printa ilikuwa inafanya kazi, nimetumia programu yenu, printa imepotea; naomba kujua ni mistari gani ya rejistri imefutwa na nitairudishaje. Akaniuliza kama nimewasha printa. Nikajibu imewaka. Akaniuliza kama nina uhakika imewaka. Nikamjibu ninaiona kwa macho. Akakaa kimya, nadhani alikuwa anahudumia wengine, kisha akaandika kwamba kompyuta yangu "inaonyesha dalili" na ninahitaji kupanda kwenye kifurushi cha juu chenye ukaguzi wa kina. Nikamuuliza tena swali lilelile: kimefutwa nini? Ndipo akaandika sentensi ambayo nimeihifadhi kwa picha ya skrini:

"Mama, haya mambo ni magumu kidogo kwako, muombe kijana yeyote hapo nyumbani akusaidie."

Amejuaje mimi ni mama? Ameona jina. Amejuaje ni magumu kwangu? Hakuna alichoona. Mimi nimekuwa mhazili maisha yangu yote ya kazi. Nimechapa kwa taipureta za chuma, nikaja kuchapa kwenye kompyuta za skrini nyeusi zenye maandishi ya kijani, nikawafundisha mabosi wangu kutofautisha kuhifadhi faili na kuifunga tu. Vijana wa nyumbani kwangu ndio wanaoniita mimi printa ikigoma. Na hata kama ningekuwa sijawahi kugusa kibodi, mtu aliyelipia msaada anaambiwa akatafute msaada kwingine, na aliyepokea malipo ndiye anayemwambia! Nikaandika jibu refu. Kabla sijalituma akafunga mazungumzo, na skrini ikaniuliza kama nimeridhika na huduma.

Basi nyota tatu zikawa mbili.

Printa niliirudisha mwenyewe jioni ileile, na nawaandikia hapa kwa sababu yule bwana alishindwa kuyasema haya. Nilikwenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya vifaa vya Bluetooth na printa, nikaiondoa printa kabisa kwenye orodha. Nikachomoa waya wake. Nikaiwasha kompyuta upya kwa kitufe cha kuwasha upya, si kwa kuizima halafu kuiwasha. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Tangu Windows 8 kuna mpango wa kuwaka haraka: ukizima kwa kawaida, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, na ukiwasha kinarejeshwa kilekile, pamoja na vurugu zake. Ukichagua kuwasha upya, kila kitu kinaanza kweupe. Baada ya hapo nikachomeka printa, Windows ikaitambua na kuiongeza yenyewe. Barua ikatoka. Ilikuwa imeshachelewa, lakini ikatoka.

Sasa nikawa na hasira na udadisi pamoja, na vikikutana kwangu hakuna anayelala. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, nikaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka. Pembeni kuna safu inayoonyesha kila moja inachelewesha kiasi gani. Mnajua ni ipi iliyokuwa na alama ya athari kubwa? Hiyohiyo niliyoilipia iharakishe kompyuta! Ni kama fundi anayekutoboa paa usiku ili umuite asubuhi. Nikaizima hapo, nikazima na nyingine ambazo sina haja nazo kila asubuhi: programu ya simu za video, ya muziki, na visasisho vya programu ambazo hata siku hizi sizifungui. Kuzizima pale hakuziondoi, zinabaki kwenye kompyuta na utazifungua ukizitaka. Kompyuta ikaanza kuwaka kwa haraka ambayo sijaiona tangu ilipokuwa mpya, na sikulipa mtu.

Nikaendelea. Ile programu ina kitufe kikubwa cha "kupanga upya diski", nacho kimo kwenye kifurushi cha kulipia. Kompyuta yangu ina diski ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka wala sindano. Kupanga upya vipande vya faili kulikuwa na maana kwenye diski za zamani, kwa sababu sindano ilibidi ikimbie huku na huku kuviokota. Kwenye SSD hakuna cha kukimbia, na kuhamishahamisha data bure ni kuichosha tu, kwa maana chembe zake zina kikomo cha kuandikiwa. Windows inaijua diski yako ni ya aina gani na inaitunza yenyewe kwa ratiba. Sasa hawa wananiuzia nini?

Na mafaili ya muda, ambayo kweli hujaa? Windows ina mahali pake. Mipangilio, mfumo, hifadhi, kisha faili za muda. Unaweka tiki, unaondoa. Ila kuwa macho na mstari mmoja: kwenye orodha hiyo hutokea pia folda ya vitu ulivyopakua. Usiitie tiki kwa pupa, watu huweka humo vyeti na mikataba yao yote. Virusi nazo, Windows ina Defender yake ndani, bila malipo, na inajisasisha. Ile programu ilikuwa inanionyesha ngao nyekundu kana kwamba niko uchi, kumbe Defender iko kazini muda wote.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, akanieleza kisa cha Marekani ambacho baadaye nilikisoma mwenyewe. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya huko ilitangaza kwamba kampuni ya Office Depot italipa dola milioni 25, na Support.com, waliowatengenezea programu ya ukaguzi, dola milioni 10. Mteja alikuwa anaulizwa maswali manne mwanzoni: je, kompyuta ni nzito, je, inagoma mara kwa mara, na mengine ya namna hiyo. Kwa mujibu wa Tume, ukitia tiki hata moja, ukaguzi ulikuja na jibu kwamba kuna dalili za programu hasidi, hata kama kompyuta ni safi. Jibu lilitokana na tiki. Sisemi kampuni yangu inafanya hivyo, sina ushahidi na sitaki kesi. Lakini neno "dalili" nililiona kwenye mazungumzo yangu, na mtu aliyeliandika hakuwa amekagua kitu.

Nyota moja.

Haya, nitende haki, maana hasira si hakimu mzuri. Kuna kipengele cha kutafuta picha zilizojirudia. Hicho ni kizuri, kizuri kweli. Kilinionyesha picha zilezile za harusi zimenakiliwa kwenye folda tofautitofauti, kila simu iliyowahi kuunganishwa imeacha nakala yake, na kikaniruhusu nizitazame pembeni kwa pembeni kabla ya kufuta. Hakikufuta kitu bila kuniuliza. Aliyekitengeneza hicho anajua kazi yake na anamheshimu mtumiaji, na naamini hakai chumba kimoja na yule wa mazungumzo. Wangeuza hicho peke yake ningenunua na ningewasifu. Kwa hicho, nyota mbili, tena mbili za moyo safi.

Kisha nikataka kusitisha usajili.

Kitufe cha kujisajili kilikuwa ukurasa wa kwanza, cha machungwa, kikubwa kama kiganja. Cha kusitisha kiko ndani ya akaunti, ndani ya malipo, ndani ya "dhibiti", chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Ukikibofya unaulizwa kama una uhakika. Ukisema ndiyo unapewa punguzo. Ukikataa punguzo unapewa miezi ya bure. Ukikataa na hiyo unaulizwa sababu, na sababu zimepangwa tayari: ni ghali, nimebadilisha kompyuta, sijui kuitumia. Hakuna ya "mmeniua printa". Hakuna ya "mmenitukana". Na hicho cha "sijui kuitumia" kilikuwa tayari kimetiwa tiki, wallahi, nilikikuta hivyo.

Nilipoiondoa programu yenyewe, ikaacha nyuma kijiprogramu kingine chenye jina tofauti kabisa, ambacho kilikuwa kwenye ileile orodha ya kujiwasha. Kwa hiyo ukiamua kuiondoa, usitosheke na kuona alama yake imetoweka kwenye skrini. Panga orodha ya programu zilizowekwa kwa tarehe, uangalie nini kiliingia siku moja na yenyewe, na kabla ya hapo hakikisha umesitisha malipo kwenye akaunti, kwa sababu kuondoa programu hakusitishi usajili. Kadi itaendelea kukatwa mwakani na wewe umeshasahau hata jina lao.

Nimeomba kurejeshewa fedha zangu, na nimeambatisha ile picha ya skrini. Jibu lililokuja ni la mashine, linaanza na "Mpendwa mteja" na kuishia na kiungo cha kifurushi cha juu. Naacha nyota moja kwa sasa. Wakirudisha fedha nitarudi kuongeza ya pili, kwa ajili ya yule wa picha. Ya tatu iko mikononi mwa Mshauri wa Kiufundi: aniandikie yeye mwenyewe, aniambie kimefutwa nini.