Miwani Janja au Simu ya Mkononi?

Kwa mtu asiyeona anayepita kati ya vibanda vya Soko la Majengo hapa Dodoma, miwani janja inaishinda simu waziwazi, kwa kuwa mikono yake hubaki huru kushika fimbo na kikapu huku kamera ikitazama mbele na sauti ikimsomea maandishi. Kwa chaji, simu hudumu zaidi, na miwani yenyewe huitegemea simu kupata intaneti.

Katika kupiga picha, hata hivyo, naichagua simu bila kusita. Anayeinua simu huonekana, na muuza zabibu anaweza kukataa kabla hajapigwa picha. Lakini miwani ya Ray-Ban Meta, iliyotoka mwaka 2023, hutoa ishara ya kitaa kidogo tu kwenye fremu, ambacho katika jua kali la mchana ni rahisi kutokiona. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mama aliyeketi kliniki na mtoto wake atadaije haki juu ya picha asiyojua kwamba imepigwa? Kwa hiyo naomba kwa dhati kwamba miwani hiyo ivuliwe zahanati, darasani na kwenye nyumba za ibada, isipokuwa kwa wale wanaoitegemea kwa sababu hawaoni.